Miaka Niliyokuwa Kiboko, Mchawi na Mshenzi wa Katuni

Nyinyi vijana mnaorekodi sauti kwa simu mkiwa mmejifunika blanketi kichwani, nawasikia mkilalamika joto. Sisi pia tulikuwa na blanketi, ila letu lilitundikwa ukutani pamoja na magodoro makuukuu na trei za mayai, ili sauti isirudi kama ya mtu aliyetumbukia kwenye tangi la maji. Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya duka la mbegu na dawa za mifugo, mjini Kitale. Harufu ya dawa ya kupe ilipita chini ya mlango na kuja kukaa kooni. Ndiyo sababu mchawi wangu wa kwanza alikuwa anakohoa. Watu walidhani ni ufundi.

Naitwa Rispa, mtu wa Bumula, kule Bungoma. Katika miaka ile ya elfu mbili kazi yangu ilikuwa kutia Kiswahili katika katuni za watoto. Sinema zilikuja kutoka ng'ambo zikiwa kwa Kiingereza. Tuliondoa zile sauti tukaweka zetu, kisha pikapu yenye jenereta, televisheni na spika ikazunguka mashuleni, kuanzia Endebess mpaka Bumula, watoto wakatazama bila kulipa. Wafadhili walisema tunapanua akili za watoto. Zilipanukia upande gani, hilo ndilo nataka kuwaeleza.

Nilikuwa kiboko. Nilikuwa mpishi, chura, mama wa mchawi, mchawi mwenyewe, na mbuzi aliyesahau jina lake. Sikuwahi kuwa binti mfalme, wala rafiki wa binti mfalme. Katika katuni sijaolewa, sijaposwa, wala sijaulizwa habari za asubuhi.

Aliyegawa sauti alikuwa Dairekta wetu, kijana aliyelelewa Mombasa, mstaarabu, shati limepigwa pasi hata siku ya matope. Hakuwa mtu mbaya, na naomba mlishike hilo, kwa sababu mtu mbaya ni rahisi kumpinga. Siku ya kwanza alinipa karatasi nisome. Alifumba macho kama mtu anayeonja mchuzi, halafu akasema, "Madam Rispa, una sauti ya asili."

Nilienda nyumbani nimefurahi. Ilinichukua muda kujua kwamba sauti ya asili ni ile ya kiboko. Ile nyingine, ya watu wa kasri, iliitwa sauti safi, na mwenyewe alikuwa Lilian, msichana wa mtaa wa Matisi hapo hapo Kitale. Alikuwa amekaa kwa shangazi yake Mombasa, akarudi na lafudhi. Nyumbani kwao mama yake alimwita Ririani, naye aliitika. Lakini akisimama mbele ya maiki, maneno yalimtoka yamenyooka kama nguo za dukani. Mimi nikitaka kusema kulala, ulimi huchagua wenyewe kati ya L na R, na aghalabu huchagua ile nisiyoitaka.

Nilimuuliza Dairekta siku moja kwa nini kila mnyama mjinga lazima atoke Bungoma. Hakukasirika. Alinieleza kwa upole kama mwalimu.

"Katika Kiingereza chenyewe, Madam, huyu kunguru unayemsemea anaongea kama watu weusi wa mitaa ya maskini kule Marekani. Watoto wa kule wakimsikia tu, wanajua ni mtu wa namna gani. Sasa mimi nikatafuta wa kulingana naye hapa kwetu."

"Ukanipata mimi."

"Nikakupata wewe," akasema, na alikuwa ananisifu.

Huyo alikuwa mtafsiri mwaminifu kuliko wote niliowahi kuwaona. Alitafsiri kila kitu, hata dharau.

Nilipoanza kuangalia zile sinema kwa macho hayo, niliona mengi. Simba anaongea kama jaji. Fisi anaongea kama mtu anayekaa karibu na mtaro. Manyoya yakizidi kuwa meusi, lugha inazidi kuharibika. Anayeoa ana macho ya buluu, hata akiwa sungura.

Aliyenifundisha kazi si Dairekta. Ni Mzee Njoroge wa Endebess. Wazazi wake, Wakikuyu, walitoka Mkoa wa Kati wakaja kulima Trans-Nzoia, naye alizaliwa hapa, akafuga ng'ombe, akawa mnadi wa mifugo kwenye minada kabla ya kuja studio. Sauti yake ingeweza kuuza ndama aliyekufa. Dairekta alimpa wezi. Kila aliyeiba katika katuni zetu, awe panya au waziri wa mfalme, aliiba kwa lafudhi ya Mzee Njoroge. Mabahili walikuwa wake pia.

Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba soksi ndefu ya kike ikivutwa juu ya kipande cha waya na kuwekwa mbele ya maiki, herufi P haitapasuka kama risasi. Alinikataza chai ya maziwa kabla ya kurekodi. "Inaacha utando, mama. Kila neno linatoka limevaa sweta." Maji ya tangawizi, basi. Alinifundisha kurekodi asubuhi, kwa sababu Kitale mvua ikishika mabati alasiri, hakuna fundi. Na alinifundisha kuangalia midomo badala ya maneno. Binti mfalme anafungua mdomo mara moja kwa Kiingereza, anafunga, na Kiswahili bado kiko njiani. Lilian alikuwa na mabinti wengi waliomaliza sentensi wakiwa wamefunga midomo.

Lakini lililokuwa kubwa kwake ni hili. Kabla ya kusoma mstari wa mwizi, alikaa kimya kidogo. Nilimuuliza anafanya nini.

"Namtafutia mtu wa kumngoja nyumbani," akasema. "Huyu anaiba kuku. Kwa nini? Mimi nasema mke wake amejifungua na hakuna supu. Sasa naweza kumsemea."

Matokeo yake, watoto wa Endebess walikuwa wanashangilia wezi. Dairekta alirudi kutoka huko siku moja ana wasiwasi.

"Mzee, watoto wanamuonea huruma mwizi."

"Hiyo si mimi, kijana wangu. Ni koo langu tu."

Basi ikaja ile sinema ya mchawi. Ilikuwa na kasri la barafu, binti mfalme kama kawaida, na watu wote wana rangi ya waridi isipokuwa mchawi. Yeye alikuwa mweusi tititi, hata meno. Dairekta alimpa jina la Bibi Lami, akafurahi nalo sana. Bibi Lami alikuwa na mstari mmoja aliousema kila akiingia mahali: "Nani amezima taa? Ni mimi nimeingia." Niliusema kwa ile sauti yangu ya asili, nikakohoa kwa sababu ya dawa ya kupe, na Dairekta akasema hakuna haja ya kurudia.

Mimi nilikuwa na desturi ya kuifuata pikapu mara kwa mara, kuangalia nyuso za watoto. Mtu wa sauti asiyeenda kuona anayesikiliza ni kama mpishi asiyekaa mezani. Nikaenda nao Bumula, kwenye shule anayosoma Nanjala, binti wa kaka yangu. Ile sinema ilikuwa imeshaonyeshwa pale muhula uliopita. Tulikuwa tumepeleka nyingine.

Watoto walizunguka gari. Nanjala akaja akipita katikati yao kunisalimu, na kabla hajanifikia, mtoto mmoja akasema, "Nani amezima taa?"

Wote wakacheka. Alikuwa ameisema kwa sauti yangu. Herufi zangu zilikuwa pale pale nilipoziacha, na mwishoni akaweka kile kikohozi.

Nanjala ni mweusi. Katika ukoo wetu hilo halijawahi kuwa habari, bibi yangu alikuwa hivyo na aliolewa kwa ng'ombe wa kutosha kufunga barabara. Lakini pale shuleni sasa lilikuwa jina. Alikuwa Bibi Lami darasani, kwenye foleni ya uji na uwanjani. Hakulia. Alinipa mkono wa heshima, akainama kidogo.

"Mulembe, senge," akasema. Mulembe ni salamu yetu ya amani, na senge ni shangazi.

"Mulembe, mama. Wanakuita hivyo kila siku?"

Aliuliza, "Senge, ni kweli ile sauti ni yako?"

"Ni yangu."

"Basi waambie yule mama alikuwa anamsema mtu mwingine, si mimi."

Yule mama hakuwa anamsema mtu mwingine. Aliyemchora alitaka watoto wakimwona mweusi wamwogope na wamcheke, na alikuwa amefaulu kutoka huko aliko mpaka foleni ya uji ya Bumula. Nilizungumza na mwalimu wa darasa. Akasema, "Lakini madam, si ni mchezo tu wa watoto? Na wewe umeigiza vizuri sana." Alinipongeza. Siku hizo nilikuwa napongezwa kila mahali.

Niliporudi Kitale nilimweleza Mzee Njoroge. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa anakunja na kukunjua kofia yake.

"Mimi wajukuu wangu wanaitwa wezi shuleni," akasema. "Nilidhani ni kwa sababu ya baba yao."

Hatukufanya lolote. Tungefanya nini? Kila mstari ulikuwa umeandikwa, na Dairekta alifuata skripti kama padri anavyofuata kitabu cha ibada. Ukibadilisha neno, alikurudisha kwa upole mpaka ulirudie vile vile.

Halafu wafadhili wakaleta sinema ya kisiwa.

Kijana mwenye nywele za manjano, meli yake imevunjika, anatupwa na mawimbi kwenye kisiwa. Ana kasuku, na kasuku anaongea vizuri sana. Kaa wa baharini anaongea. Mnazi mmoja ulikuwa na mistari yake. Watu wa kisiwa peke yao ndio hawakuongea. Walikuwa weusi kama sufuria ya shule, midomo kama matairi, mifupa imechomekwa kwenye nywele. Walirukaruka, wakamshika kijana, wakamtia kwenye chungu kikubwa juu ya moto. Kwenye skripti, kila walipotokea, paliandikwa maneno matatu tu: kelele za washenzi.

Lilian alipewa kijana na kasuku. Mimi na Mzee Njoroge tulipewa kisiwa kizima.

Mzee aliishika ile karatasi karibu na dirisha, akaisoma kama mtu anayetafuta tarehe ya dawa. "Dairekta," akasema, "hawa hawajapewa hata neno moja."

"Ndiyo, Mzee. Pigeni kelele tu. Hapo mko huru."

"Tuko huru," Mzee akarudia, akaikunja karatasi vizuri.

Tulitoka kwenda kibandani kunywa chai, maana siku hiyo hatukuwa tunarekodi. Alikoroga kikombe chake muda mrefu.

"Mama, nimekuwa nikifikiri. Asiyeandikiwa neno anaweza kusema analotaka. Midomo yao inafunguka na kufunga tu, chochote kitaingia."

"Na kile chungu?"

"Kwenu mtu akitolewa mtoni anatetemeka, mnamfanyia nini?"

"Tunamchemshia maji aoge."

"Basi," akasema. "Kwetu tungempa chai pia."

Asubuhi iliyofuata tulisimama mbele ya ile soksi. Mimi nilikuwa mama wa kisiwa, nikaongea Kibukusu. Yeye alikuwa mzee wa kisiwa, akaongea Kikuyu. Hatukuwa tunaelewana sana, lakini hilo halijawahi kuzuia mazungumzo Kitale. Nilimpokea yule kijana kwa mulembe. Nikamuuliza ametoka wapi akiwa amelowa hivyo, na mama yake yuko wapi. Nikamwambia aingie majini, si ya moto sana. Nikamlaumu mzee kwamba kuni ni mbichi. Mzee naye, kwa mwendo wa mnada, akawa anamwambia kijana, ũka ũnyue cai, njoo unywe chai, njoo unywe chai, mpaka ikawa kama ngoma. Kijana alipokimbia kuzunguka chungu nikasema watoto wa siku hizi wanaogopa maji. Pale anapopiga mbizi baharini kujiokoa, nikamwita arudi achukue ugali wake.

Lilian mama yake ni wa kwetu, kwa hiyo alielewa yangu yote. Alipita mlangoni akisema anaenda kukohoa, na hakurudi mpaka tulipomaliza.

Dairekta alivua vifaa vya masikioni. "Hizo ni lugha za nyumbani?"

"Ni za nyumbani," nikasema.

"Safi sana. Zimeleta ukali. Inasikika kishenzi kabisa." Aliandika alama kwenye karatasi yake. "Tuendelee na kasuku."

Hatukumdanganya, mnielewe vizuri. Alijua ni lugha zetu. Hakuuliza tu tumesema nini. Haikumjia kwamba tunaweza kuwa tumesema kitu.

Ile sinema ilifika Bumula. Nilikaa nyuma ya watoto, kwenye benchi la walimu. Kijana alitupwa ufukweni, watoto wakatulia. Watu weusi wakatoka msituni wakirukaruka, na nilimwona Nanjala, pale mbele, anainamisha kichwa. Halafu yule mwanamke mwenye mfupa kwenye nywele akafungua mdomo mkubwa na kusema, kwa Kibukusu cha nyumbani kabisa, "Mulembe, mwanangu. Umelowa hivi, mama yako yuko wapi?"

Televisheni haikuwahi kuongea nao hivyo. Mtoto mmoja akageuka kumwangalia mwenzake, kuhakikisha kwamba naye amesikia. Kisha kicheko kikaanza mbele kikaja mpaka nyuma. Kijana mwenye nywele za manjano alipiga kelele kwa Kiswahili safi cha Lilian, "Nisaidieni, wataniua," na mama wa kisiwa akamjibu kwamba maji si moto sana. Walimu wakaanza. Mwalimu mkuu alijifuta macho kwa kitambaa. Yule kijana alikuwa shujaa kule ng'ambo, lakini alipofika Bumula aligeuka mtoto mtukutu anayekimbia kuoga. Mama anayeuza mandazi getini, ambaye alikuwa ameishi Kitale kati ya Wakikuyu, alikuwa anawatafsiria watoto maneno ya Mzee Njoroge: anakaribishwa chai, jamani, na hataki.

Nanjala alikuwa ameinua kichwa.

Siwadanganyi kwamba jina la Bibi Lami lilikufa siku hiyo. Watoto hawasahau haraka. Lakini wiki zilizofuata, kaka yangu aliniambia, uwanjani walikuwa wakikimbizana wakiambiana maji si moto, ingia. Na aliyekuwa anapewa nafasi ya mama wa kisiwa kila mara ni Nanjala, kwa sababu aliyashika maneno yote, na kwa sababu yeye ni ndugu wa sauti.

Kila shule ikawa inaitaka sinema ya kisiwa. Dairekta aliandikia wafadhili kwamba hii imependwa kuliko zote. Wakafurahi, wakamtuma mama mmoja aje aone. Alikuwa mpole, anaongea Kiswahili cha kujifunza darasani, kilichonyooka kuliko changu. Alipelekwa Bumula kwa sababu huko ndiko walikocheka zaidi.

Alicheka pamoja na watoto dakika za kwanza. Halafu nikaona anaacha, anaangalia watoto, anaangalia televisheni. Walicheka mahali ambapo yeye alitarajia waogope. Akamwinamia mwalimu mkuu. Mimi na Dairekta tulikuwa karibu, tukasikia.

"Mwalimu, hawa watu wa kisiwa wanasema nini?"

Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa kanisa, hakujua kuficha. "Mama anasema mtoto aoge kwanza kabla hajala."

"Lakini wanataka kumla yeye."

"Hapana, madam. Hilo hawajasema."

"Katika sinema wanataka kumla."

Mwalimu alifikiria, akasikiliza tena kwa makini, kama shahidi aliyeapishwa. "Hapa kuna ugali," akasema. "Na chai, naambiwa."

Dairekta aligeuka kuniangalia. Nilikuwa nimeangalia mbele.

Hakunigombeza. Tulipofika Kitale alituita mimi, Mzee na Lilian, akatusomea alichoagizwa: kazi ya wenyewe iheshimiwe, na sehemu za washenzi zirudiwe bila lugha yoyote. Alisema kwamba anaelewa hisia zetu. Alisema hata yeye hapendi ile michoro sana, ukimuuliza. Lakini mambo yana utaratibu.

"Kwa hiyo tupige kelele tu," Mzee Njoroge akasema.

"Kelele tu, Mzee."

"Mimi nimekuwa mwizi wako miaka yote hii na sikukataa. Mwizi ni mtu. Hiki unachotaka sasa siwezi kukitafutia mtu wa kumngoja nyumbani." Akachukua kofia. "Ng'ombe wangu husikiliza nikiongea. Wacha niende nikae nao." Akaenda Endebess, na studio hakurudi tena.

Mimi nilimwambia Dairekta kwamba kiboko nitaendelea naye, na chura, na yeyote atakayepewa maneno. Asiyepewa neno, atafute mwingine. Nilihitaji ile kazi, na sikuwa na ng'ombe. Akamgeukia Lilian.

"Mimi nina sauti safi, Dairekta," Lilian akasema kwa lafudhi yake ya Mombasa. "Kwa kelele hiyo sifai. Wewe mwenyewe umekuwa ukisema."

Wafadhili walikuwa wanangoja. Mafundi wengine wa sauti hawakuwepo mji mzima. Kwa hiyo asubuhi moja Dairekta alining'iniza koti lake kwenye msumari, akakunja mikono ya shati, akasimama mbele ya soksi, akanguruma. Mimi ndiye niliyekaa kwenye mashine. Alijitahidi, kwa sababu ni mtu wa kazi. Alirukaruka. Aligonga kifua. Alipomaliza kila kipande aliniuliza kama kimetoka sawa, nami nikamwambia kweli, kwamba kimesikika safi mno na arudie. Alirudia. Kufikia mchana sauti ilikuwa imemkauka, na alikuwa ameketi juu ya mfuko wa mbegu na kikombe cha maji ya tangawizi, haangalii mtu.

"Ni kazi ngumu," akasema.

"Ukiizoea si sana," nikamjibu.

Sinema mpya ilipelekwa Bumula. Safari hii Dairekta mwenyewe alikuja, akakaa kwenye ubao wa nyuma wa pikapu karibu na spika, nami nikakaa pembeni yake. Watoto walikuwa wamejipanga mapema, wanajua ni ile ya kisiwa. Kijana alitupwa ufukweni. Watu weusi wakatoka msituni. Wakafungua midomo, ikatoka ile ngurumo ya studio.

Watoto walingoja. Ngurumo ikaja tena.

"Wamekuwa wagonjwa?" mmoja akauliza.

Hakuna aliyecheka. Nilifikiri basi, imekwisha, wameshinda waliochora. Halafu mama wa kisiwa alipofungua mdomo mara ya tatu, Nanjala akasimama pale mbele na kumsemea. "Mulembe, mwanangu. Umelowa hivi, mama yako yuko wapi?" Hakuisema kwa kunigeza mimi. Aliisema kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, na midomo ya kwenye televisheni ikamkubali. Wavulana wa upande ule wakachukua zamu ya mzee wa kisiwa. Watoto wa Kibukusu, hawajawahi kufika Endebess, wakawa wanakaribisha mtu chai kwa Kikuyu, ũka ũnyue cai, ũka ũnyue cai. Mistari yote waliijua.

Dairekta aliwaangalia muda. Kisha akaniinamia.

"Wanasema nini?"

Tangu nianze kazi kwake, ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza maana ya maneno. Nikamweleza, mstari kwa mstari, hata mistari iliyokuwa bado mbele: maji si ya moto, kuni ni mbichi, rudi uchukue ugali wako. Hakucheka. Aliuliza tu, "Na yule msichana?"

"Ni wa kaka yangu. Walikuwa wanamwita Bibi Lami."

Ikafika sehemu ya chungu, ambapo alikuwa amenguruma kwa nguvu zaidi kuliko sehemu zote, na ngurumo ikamfunika Nanjala kabisa. Tuliona mdomo wake unaendelea, hatukumsikia.

Dairekta akanyoosha mkono kwenye spika, akapunguza sauti.